Mwagilia Siki Kachumbari, Siyo Neoni

Mdogo wangu wa Gatumba analalamika: samaki wake wa neoni wanataga, ila mayai yanageuka meupe na kuoza. Anatumia maji ya ziwa Tanganyika, ameshatia siki, ameshatia ndimu. Sasa anataka kuchota maji ya mto Rusizi kwa kuwa "yana rangi ileile" ya maji meusi wanayoyapenda neoni.

Weka ndoo chini kwanza, tuongee. Rangi ya Rusizi ni tope. Yaache kwenye glasi usiku kucha, tope litatuama. Maji meusi ya kweli, kama ya Rio Negro kule Brazili au ya ziwa Mai-Ndombe kwa jirani zetu Wakongo, yana rangi ya chai iliyotoka kwenye majani yanayooza msituni. Hiyo haituami hata ukingoja wiki. Tena Rusizi inashuka kutoka Kivu na chumvichumvi zake, inazimwaga Tanganyika. Ndiyo maana ziwa letu lina pH karibu 9, wakati neoni akitaga anataka 5 hadi 6, na maji laini.

Siki inashusha pH asubuhi, baadaye inapanda tena, kwa sababu bikaboneti iliyomo majini inaimeza asidi yako. Wewe unafurahia kipimo, samaki anayumbishwa. Hata majani makavu ya mkungu, ambayo nayapenda sana, kwenye maji ya ziwa yatakupa rangi tu.

Kinga mvua, mdogo wangu. Acha bati lioshwe kwanza, ndipo utege. Kama bati ni jipya, kinga kwa turubai, maana zinki huua samaki. Kisha yapime kwa kunawa na sabuni: kwenye maji laini povu linafumka mara moja. Wazoeze wazazi kidogo kidogo, siku kadhaa. Kijitangi cha kutagia kitie jani moja la mkungu, ukifunike kitambaa, mwanga unaharibu mayai. Wakimaliza watoe upesi, watayala! Na jaza bidoni mapema. Juni hadi Agosti utaangalia mawingu bure.

Huna pa kuweka bidoni? Mimi ningefuga Neolamprologus brevis, kisamaki cha hapahapa ziwani, kama kidole, kinachotagia ndani ya kombe la konokono. Wafugaji wa Ulaya wananunua chumvi dukani ili maji yao yafanane na haya unayoyatilia siki.