Mkwe anataka mtoto alale kitandani mwetu, mume anataka kitanda cha mtumba

Shangazi,

Nina ujauzito wa miezi minane, wa kwanza. Tumepanga chumba na sebule hapa Chang'ombe, Dodoma. Mume wangu ameona kitanda cha mtoto cha mtumba, cheupe, upande mmoja unashuka na kupanda, na ndani kimezungushiwa mito laini pande zote. Bei laki mbili na nusu. Mama mkwe, aliyekuja kunisubiri nijifungue, hataki hata kukisikia. Anasema kumlaza kichanga peke yake ni uzungu, yeye amelea saba kitandani mwake na wote wazima. Tena anasema mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa. Nikimkubalia huyu, yule ananuna. Nani ana haki?

Mama Kijacho, Chang'ombe

Mwanangu, hongera kwa kufika mwezi wa nane.

Kila mmoja wao ameshika nusu ya jibu. Mkwe wako ana haki kuhusu ukaribu: madaktari wa watoto wanashauri kichanga alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi sita ya kwanza, angalau. Mume wako ana haki kwamba mtoto awe na mahali pake pa kulala. Godoro la watu wazima hubonyea katikati, blanketi huteleza, na mtu aliyechoka hugeuka bila kujua. Hatari huzidi kama aliye kitandani amekunywa pombe au anavuta sigara, au mtoto amezaliwa njiti au na uzito wa chini ya kilo 2.5. Basi kitanda chake kikae ubavuni pa chenu, mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa. Usiku mchukue umnyonyeshe, akishiba mrudishe.

Ila kitanda hicho cheupe msikinunue. Kosa lake si umtumba, ni ule upande unaoshuka. Vishikizo vyake hulegea, ubao ukaachia pembeni, mtoto akatumbukia kwenye upenyo na kubanwa shingo au uso. Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya aina hiyo mwaka 2011, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 vilivyohusishwa na pande hizo. Ile mito ya kuzunguka nayo ilipigwa marufuku huko kwa sheria ya mwaka 2022, kwa sababu kichanga akiielekezea uso hana nguvu ya kujigeuza apate hewa.

Hela hiyo pelekeni kwa fundi seremala, lakini muanze na godoro. Nunueni sponji ngumu, futi mbili kwa nne, unene wa inchi nne. Libonyeze kwa kiganja: likirudi pale pale, chukueni, likibaki na shimo, liacheni. Kisha mbebeeni fundi godoro lenyewe apime kitanda juu yake. Likishaingia, kati yake na ubao visipite vidole viwili.

Vijiti vya pembeni viachane sentimita sita, zisizidi. Kopo la soda likipita katikati yake, fundi arudie kazi. Mtoto hutanguliza miguu na kiwiliwili penye upenyo mpana, kichwa kikabaki kimenasa. Nguzo za pembe nne zikatwe sawa na ubao wa juu; urembo wa vichwa vilivyochongoka hukamata nguo. Pande zote nne ziwe za kudumu, zikazwe kwa bolti na nati, wala si misumari mitupu, na chaga za chini zibebe godoro bila kuyumba. Mwambieni pia aweke sehemu mbili za kukalisha chaga: ya juu kwa sasa, mgongo wako usiumie ukiinama, na ya chini kwa siku mtoto atakapoanza kujiinua kukaa. Kutoka godoro likiwa chini hadi ubao wa juu pafike sentimita 60 au zaidi.

Apige msasa mpaka mkono upite bila kuchomwa. Rangi iwe ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina madini ya risasi, maana meno yakianza kuota mbao hizo zitatafunwa. Kazi hii ianze wiki hii, ili harufu ikatike kabla hujajifungua.

Siku ya kutandika, tumia shuka moja au kanga iliyovutwa ikabana, pembe zikachomekwa chini ya godoro. Basi. Mto wa kutengeneza kichwa, mdoli, blanketi zito, vyote vikae kabatini. Uzi shingoni, hata kama umefungwa kwa nia njema, uvuliwe. Chandarua chenye dawa kining'inizwe juu na kuchomekwa kikiwa kimenyooka, kisimwangukie usoni. Usisogeze kitanda dirishani wala karibu na nyaya za umeme.

Najua Dodoma ya Juni na Julai inavyouma usiku. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu, na mguse kifua au shingo kwa nyuma: akitoka jasho, punguza. Mikono kuwa ya baridi si kipimo. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata likibaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huwaua watu wazima pia wakiwa usingizini.

Sasa hilo la kupaliwa. Hofu ya mkwe wako wanayo bibi wengi, na haikutoka hewani: mtoto hucheua, kila mtu anaona. Lakini akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi yatapanda mlima ndipo yaingie kwenye pumzi. Akilala kifudifudi mambo hugeuka, na kiubavu si salama kwa kuwa hubiringika. Marekani ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa takribani nusu ndani ya miaka kumi. Mchana akiwa macho, na mtu yupo, mlazeni kifudifudi kidogo, shingo ipate nguvu.

Ushindi wa bibi aliyelea saba usiubishie. Mkiwa watatu, mumeo ndiye aseme, kwa sababu mama humsikiliza mwanawe kuliko mkamwana: "Mama, mtoto atalala chumbani kwetu kama ulivyotaka." Halafu mpeni kazi yenye heshima: aende kwa fundi na kopo la soda, akapitishe kila kijiti. Bibi akishakikagua mwenyewe, mgeni atakayekuja kukikosoa atajibiwa na yeye.