Mbuzi: Akiba ya Mfugaji Wakati wa Ukame

Katika nyika za Longido na Monduli, kaskazini ya Tanzania, ukame wa miaka ya 2008 na 2009 uliua ng'ombe wengi mno, na baadhi ya wafugaji wa Kimaasai wakabaki na mazizi matupu. Tangu zamani wafugaji hao huchanganya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Yafaa kueleza kwa nini mbuzi huhimili msimu unaomshinda ng'ombe.

Kwanza ni chakula. Ng'ombe hutegemea nyasi, nazo hukauka upesi mvua zikoma. Mbuzi hula zaidi majani ya vichaka, machipukizi na matunda ya migunga. Mizizi mirefu ya miti hiyo hufikia unyevu ulio chini ya ardhi, hivyo majani yake hudumu baada ya nyasi kwisha. Aidha, mwili wa mbuzi hutunza maji: mkojo wake ni mzito na kinyesi chake ni kikavu.

Pili ni uzazi. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, ng'ombe kwa siku 280 hivi. Tena mbuzi aweza kuzaa mapacha. Kwa hiyo kundi lililopungua hujazwa upesi.

Tatu ni matumizi. Njaa ikiingia, mfugaji huuza mbuzi mmoja akanunua mahindi, bila kumgusa ng'ombe wa maziwa.

Wamaasai wana maarifa mengine. Beberu hufungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande. Kikiondolewa miezi mitano kabla ya mvua, watoto huzaliwa wakati wa majani mengi, na maziwa ya mama huwatosha. Lakini mvua zikichelewa, hesabu hiyo huharibika, na watoto huzaliwa katika kiangazi.

Hata hivyo, mbuzi si kinga kamili. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, huweza kuangamiza sehemu kubwa ya kundi. Chanjo ndiyo kinga yake. Tena mbuzi wakizidi kiasi, hutafuna miche kabla haijakua, na malisho ya kesho hupotea. Basi faida ya mbuzi hudumu pale tu idadi yao inapolingana na vichaka vinavyowalisha.