Kasi kama Silaha: Matumizi ya Jemadari Belisarius katika Mchezo wa Rise of Kingdoms

Makala haya yanadhamiria kuchanganua matumizi ya jemadari wa askari wapanda farasi katika michezo ya mikakati inayochezwa kwenye simu za mkononi. Mfano tulioteua ni Belisarius wa Rise of Kingdoms, mchezo uliotolewa na kampuni ya Kichina, Lilith Games, mnamo 2018. Belisarius ni jemadari wa daraja la pili kutoka juu, hivyo hata mwanafunzi asiye na fedha za kununulia majemadari wa kifahari anaweza kummiliki. Hoja yetu ni kwamba kasi humwezesha mchezaji kuchagua pigano. Haimhakikishii ushindi katika kila pigano. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, na majeshi yao huteketea.

Mchezoni, askari wa miguu huwalemea wapanda farasi, wapanda farasi huwalemea wapiga mishale, nao wapiga mishale huwalemea askari wa miguu. Ipo pia mitambo ya kubomolea kuta, ambayo hubeba shehena kubwa lakini hujikokota. Ikumbukwe kwamba kikosi kizima husafiri kwa mwendo wa kundi lake lililo zito zaidi. Anayemchanganyia Belisarius mitambo michache ili abebe nafaka zaidi amemfunga farasi gogo mguuni.

Vipawa vya jemadari huyu vimegawika katika matawi matatu: upandaji farasi, mwendo, na mapambano dhidi ya washenzi, yaani maadui wanaoendeshwa na mchezo wenyewe. Katika kuwawinda washenzi, Belisarius hana budi kuhama kutoka kambi moja hadi nyingine bila kurejea mjini, kwa kuwa gharama ya mashambulizi yanayofuatana hupungua. Hapa tawi la mwendo hulipa maradufu.

Belisarius wa kihistoria, jemadari wa Mfalme Justinian wa Byzantium, anatufaa kama kielelezo. Mnamo Septemba 13, 533, alikabiliana na Wavandali mahali paitwapo Ad Decimum, karibu na Carthage, katika Tunisia ya leo. Kwa mujibu wa Procopius, aliyekuwa naye safarini, aliwaacha askari wa miguu kambini pamoja na mizigo, akatoka na wapanda farasi pekee. Baadhi yao walitimuliwa. Hata hivyo, Mfalme Gelimer wa Wavandali alipoikuta maiti ya nduguye, alisita ili kumwombolezea na kumzika. Belisarius akawakusanya waliokuwa wakikimbia, akashambulia papo hapo, na siku mbili baadaye akaingia Carthage. Hakuwa na nguvu za kupita kiasi. Aliwahi fursa kabla haijafungwa.

Mchezaji naye afanye vivyo hivyo. Shabaha bora ya kikosi chepesi ni adui anayekusanya rasilimali mbali na mji wake, hasa akiwa na wapiga mishale au mitambo. Kabla ya kuondoka, achunguze aina ya askari waliopo; wakiwa wa miguu, aghairi. Vita vikianza, jicho lisibaki kwenye pigano, bali litazame barabara zinazoelekea hapo. Msaada wa adui ukionekana, aondoke hata kama alikuwa akishinda. Wapo wachezaji wanaoona kurudi nyuma ni fedheha, na yamkini ndio hospitali zao hufurika majeruhi kila jioni. Kikosi chepesi kinachoondoka mapema ni vigumu kukifikia. Kikichelewa hadi kizingirwe, wepesi wake hauna kazi tena.

Kuhusu ulinzi wa mji hatuna mengi. Belisarius hana tawi la vipawa vya ulinzi, na nyuma ya kuta kasi haina pa kukimbilia. Jemadari mwingine akabidhiwe lango, naye Belisarius alale nje, farasi wake wakiwa wametandikwa.