Mtandao Wakati wa Dhiki

Katika vijiji vyetu vya Usukumani lambo likikaribia kukauka utaratibu hujulikana: kwanza maji ya kunywa, kisha ya ng'ombe, na mfyatua matofali angoje mvua. Hakuna asemaye kuwa kufyatua matofali ni kosa. Nataka kuonyesha ya kuwa mtandao nao ni lambo, na sisi watu wa machimbo yatupasa kuujua utaratibu wake kabla ya siku ya mkasa.

Wengi hudhani mtandao uko angani. La. Simu huongea na mnara kwa mawimbi ya redio, lakini safari ndefu ni ya nyaya: mkongo wa taifa mpaka Dar es Salaam, kisha nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama Seacom iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao wa nchi yetu ukazorota kwa siku nyingi. Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa kompyuta alipiga marufuku video na michezo, ili njia ndogo iliyobaki itumike kwa barua za shule na masomo. Tulinung'unika sana.

Jambo moja lilinishangaza. Mlezi wa bweni alituma habari Geita kwa WhatsApp, ikakwama. Akaandika ujumbe mfupi wa kawaida, ukafika mara moja. Sababu ni hii: habari ya WhatsApp huenda kwanza kwenye mitambo ya ng'ambo, ndipo irudi Geita. Ujumbe wa kawaida hauvuki bahari.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Video iliyo safi huhitaji biti kama 5,000,000 kwa sekunde. Sauti ya mtu kwenye simu yaweza kubebwa kwa biti 12,200. Gawanya, utapata maongezi zaidi ya 400 kwa video moja! Na ujumbe mfupi, wenye herufi zisizozidi 160, hupita katika njia ndogo ya pembeni ambayo mnara huitumia kuziita simu.

Bahari ni mbali. Mnara ndio ulio karibu nasi. Tarehe 11 Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, mkoani kwetu Shinyanga. Mkasa wa namna hiyo ukitokea watu hukusanyika kwa mamia chini ya mnara mmoja, na njia ya kupandisha video kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kuishusha. Wachache wakirusha picha moja kwa moja, anayemwita daktari kwa mtandao huo huo hushindwa.

Basi mtandao uzimwe? Hata kidogo, kuuzima ni kubomoa lambo. Machi 2020, wakati wa korona, Umoja wa Ulaya uliyaomba makampuni ya video yapunguze mzigo. Netflix ikakubali kupunguza mzigo wake huko kwa asilimia 25 hivi, kwa siku 30. Watu waliendelea kutazama sinema, picha zikiwa hafifu kidogo. Naona makampuni yetu ya simu yangeweza kufanya hivyo kwenye mnara mmoja, kwa saa chache, yakiwatangazia watu sababu.

Likizo moja shimo liliporomoka karibu na kwetu. Hakufa mtu, lakini hatukulijua hilo mapema, na kaka yangu huchimba huko. Mama alikuwa na bando, akampigia kwa WhatsApp karibu nusu saa. Sauti ilikatika kila mara. Nikachukua simu nikaandika: "Kaka, u mzima?" Jibu likaja: "Mzima. Sikuwa zamu."

Jioni nilimwuliza alikuwa wapi muda wote huo. Alikuwa juu ya kifusi, simu mkononi, akirusha video. Watazamaji, alisema, walifika mia tatu.