Kupenda na Kuachilia: Usomaji Mwingine wa Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umezoeleka kusomwa kama mwongozo wa ndoa. Wapo wanaousifu kwa adabu zake, na wapo wanaoulaumu kwa kumfunza mwanamke utiifu kwa mume. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimeipita dhamira moja nzito: mama anayejifunza kumwachilia mwanawe.

Tuanze na hali ya nafsineni. Mwana Kupona binti Msham ni mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Yeye mwenyewe ameugua mwaka mzima, na anakiri mwanzoni kwamba katika muda huo hakupata kumwambia bintiye neno jema. Hapo ndipo unyonge wake unapodhihirika. Anamwita bintiye aketi karibu, na wino na karatasi. Asichoweza tena kukilinda kwa mikono, anajaribu kukilinda kwa maneno. Lakini maneno nayo yana mpaka. Baada ya nasaha, utendi unageuka kuwa dua, na mama anawakabidhi wanawe kwa Mola. Katika nasaha bado anamshika binti kwa amri. Katika dua anakubali kwamba hatakuwapo.

Huku Lwakhakha, kando ya mto unaopakanisha Kenya na Uganda, Wabukusu nao wana fasihi ya kuachilia: kumuse. Mzee mwenye heshima akishazikwa, mlumbi husimama kati ya waombolezaji walioketi, akienda huku na huku, akisimulia historia ya koo, akiwaonya na kuwaliwaza walio hai. Manguliechi alivuma sana katika sanaa hiyo.

Tofauti ni bayana. Katika utendi, anayeondoka ndiye asemaye, tena kwa mtu mmoja. Katika kumuse, aliyeondoka amenyamaza, na jamii ndiyo inayosema kupitia mlumbi. Hata hivyo, Mwana Kupona naye humalizia kwa kuwaalika wanawake wote wausome utendi wake. Wosia wa faragha unakuwa mali ya umma.

Kwa hiyo, kuachilia katika kazi hizi si kusahau wala kukoma kupenda. Ni kuyatoa maneno kabla hayajapotea, kisha kuwaachia wengine wayatumie. Mwanafunzi atakayeurudia utendi huu ajiulize: je, binti angejibu nini?