Basi Linapopoteza Upepo: Namna ya Kutambua Uvujaji Kabla ya Kununua

Vikundi vya kuweka akiba, shule na familia hununua mabasi yaliyokwishatumika kwa fedha zilizokusanywa kwa miaka mingi. Mnunuzi hukagua rangi, viti, matairi na injini. Ni wachache wanaokagua upepo. Hata hivyo, katika mabasi makubwa upepo ndio unaosukuma breki, na katika baadhi yake ndio pia unaobeba bodi. Basi linalovuja linaweza kumtia mnunuzi katika gharama asizozitarajia, na katika mteremko kama wa Kitonga au Sekenke linaweza kugharimu maisha ya abiria. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi. Tunakusudia awe mnunuzi asiyedanganyika.

1. Upepo unavyofanya kazi

Kompresa inayoendeshwa na injini huvuta hewa na kuisukuma, kupitia kikaushio kinachoondoa unyevu, hadi kwenye mitungi. Mitungi ikijaa, kidhibiti huipumzisha kompresa na kikaushio hupumua kwa mlio mfupi. Mlio huo ni wa kawaida. Breki za mguu hugawanywa katika njia mbili, kila moja na mtungi wake, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Ndiyo sababu dashibodi huwa na geji mbili, au geji moja yenye mishale miwili.

Hendibreki hufanya kazi kinyume: springi kali ndizo zinazofunga magurudumu, na upepo ndio unaozizuia. Upepo ukipungua sana, springi hufunga zenyewe. Wengi hudhani kwamba kinga hiyo inatosha. Haitoshi, kwa kuwa kabla springi hazijafunga, breki ya mguu huwa imekwisha kudhoofika. Tena magurudumu ya nyuma yakifunga ghafla katika barabara yenye utelezi, basi linaweza kuyumba na kuacha njia.

Bodi nayo, katika mabasi yenye mito ya mpira inayojazwa upepo, hushikiliwa katika kimo chake na vali za usawa. Kwa kawaida huwapo vali ya ulinzi inayotanguliza breki, ili mto ukipasuka mitungi ya breki isiishiwe.

2. Geji isikudanganye

Injini inapounguruma, kompresa hujaza kile kinachovuja. Mshale unaweza kutulia juu ilhali upepo unatoka katika viungo vitatu. Kwa hiyo muuzaji anayekukaribisha penye basi lililokwisha kuwashwa hajakuonyesha lolote kuhusu upepo. Uvujaji hupimwa injini ikiwa imezimwa.

3. Vipimo vitano

Basi lisimame mahali tambarare, na magurudumu yawekewe kabari mbele na nyuma. Viwango tunavyotaja hapa ni vile vinavyotumika Marekani katika mtihani wa udereva wa magari makubwa. Ni kipimo kizuri cha kulinganishia, lakini kitabu cha mtengenezaji wa basi husika ndicho cha kufuatwa kikiwapo. Kumbuka kwamba baa 1 ni takriban psi 14.5, au megapaskali 0.1.

Kwanza, fika asubuhi kabla ya basi kuwashwa, utazame kimo chake. Bodi iliyoshuka sawasawa baada ya kusimama siku kadhaa si lazima iwe na hitilafu kubwa. Kona moja iliyolala peke yake huelekeza kwenye mto wa kona hiyo, bomba lake au vali yake ya usawa.

Pili, washa injini na upime muda wa kujaa. Injini ikiwa katika mzunguko wa kazi, presha ipande kutoka psi 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45.

Tatu, mitungi ikijaa, zima injini, achia hendibreki na usiguse pedeli. Presha isishuke zaidi ya psi 2 kwa dakika. Geji za baa hazionyeshi kiasi kidogo hivyo. Ngoja dakika 5, na isishuke zaidi ya baa 0.7.

Nne, kanyaga pedeli kwa nguvu na uishikilie. Mshale utashuka mara moja, kisha utulie. Kuanzia hapo isipotee zaidi ya psi 3 kwa dakika.

Tano, funga hendibreki kwa muda, uwashe swichi bila kuwasha injini, uiachie tena, kisha kanyaga na kuachia pedeli mfululizo. Taa au mlio wa onyo uanze kabla presha haijashuka chini ya psi 55 hadi 60, yaani karibu baa 4. Ukiendelea, hendibreki ijifunge yenyewe kati ya psi 45 na 20. Onyo lisilolia ni hitilafu kubwa hata kama hakuna kinachovuja.

Tafakari hesabu hii: basi linalopoteza psi 2 kwa dakika huchukua nusu saa kushuka kutoka psi 120 hadi 60. Linalopoteza psi 10 huchukua dakika 6 tu, hata kabla dereva hajakanyaga breki. Injini ikizimika mlimani, tofauti hiyo ndiyo nafasi aliyo nayo dereva.

4. Kusoma dalili

• Upepo hushuka pale tu pedeli inapokanyagwa: shaka iwe kwenye vali ya pedeli, mabomba ya magurudumu au viwambo vya mpira ndani ya chemba za breki.

• Hushuka pale tu hendibreki inapoachiwa: shaka iwe kwenye upande wa springi wa chemba za nyuma, au mabomba yake.

• Kikaushio kinapumua bila kukoma: vali yake ya kutolea huenda imekwama kwa uchafu.

• Hakuna kinachovuja, lakini mitungi inachelewa kujaa: kompresa imechoka, au njia yake imeziba kwa masizi.

• Mitungi inapofunguliwa hutoa maji mengi: kikaushio kimekwisha nguvu. Ikitoa mafuta, kompresa inapitisha oili.

• Breki zinashikilia presha, lakini bodi inashuka: tatizo liko kwenye mito au vali za usawa. Paka maji ya sabuni kwenye viungo unavyoweza kuvifikia bila kuingia chini. Povu litaonyesha mahali.

5. Mambo yasiyofanywa

Mtu asiingie chini ya basi lililobebwa na mito ya upepo pekee. Mto ukipasuka, bodi hushuka bila onyo. Fundi aweke stendi imara kwanza. Chemba ya springi isifunguliwe kienyeji, kwa kuwa springi iliyobanwa ndani inaweza kuua inapofyatuka. Wala basi lisipakie abiria baada ya springi kufungwa kwa boliti ili magurudumu yazunguke. Basi hilo halina hendibreki tena.

6. Kabla ya kulipa

Andika matokeo ya kila kipimo, pamoja na tarehe na namba ya usajili, na muuzaji atie saini. Muuzaji akikataa injini isizimwe, au akisema uvujaji huo ni wa kawaida kwa mabasi yote, ahirisha malipo na ulete fundi uliyemchagua mwenyewe. Uvujaji kwenye kiungo unaweza kuwa kazi ndogo. Kompresa iliyochoka ni mazungumzo mapya ya bei.

Tunza risiti na makubaliano ya maandishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yako iwapo uliambiwa kwamba breki ni nzima.