Kifaa cha Kufungulia Friwili

Friwili hukazwa na kila pedali unayopiga, ndiyo sababu huwa ngumu kutoka. Wengi hukimbilia nyundo na tindo. Lakini mapengo yake yakishavunjika, hakuna kifaa kitakachoshika tena, na kwa anayebeba maji kwa Black Mamba, hiyo ni siku bila mapato.

Hesabu mapengo: ni mawili au manne? Nenda dukani na gurudumu lenyewe ukijaribishe kifaa. Kikicheza, achana nacho, hata kikiwa rahisi.

Kibane kwa nati ya ekseli kisiruke. Kisha ukishike kwenye jiriwa, gurudumu likiwa juu, ulizungushe kuelekea kushoto kama usukani. Friwili ikilegea kidogo tu, legeza nati kabla ya kuendelea, ama utaharibu ekseli.